Ukungu na Kufifia katika Kioo cha Simu

Kiswahili kina maneno mengi ya kutaja hali ya kuona nusu nusu. Kuna ukungu, kungugu, utusitusi, kiwi, utando na maluweluwe, na kila neno lina mahali pake. Ukungu hushuka milimani, kiwi humpata aliyelitazama jua, utando hutanda juu ya mboni ya jicho, na maluweluwe humjia mgonjwa aliyeshikwa na homa kali. Mgawanyo huo haukumsumbua mtu kwa miaka mingi, kwa kuwa msemaji aghalabu alikuwa na kitu chenyewe mbele yake: aliyesema ukungu aliunyoshea kidole, na msikilizaji akaelewa ni ukungu gani. Siku hizi mambo yamebadilika kidogo. Katika simu za mkononi umetokea ukungu ambao hautokani na maji wala na ugonjwa wa macho, bali na hesabu. Na wanaoufundisha au kuufasiri kwa Kiswahili wamejikuta wakitumia neno moja kwa mambo mawili yasiyofanana. Hitilafu hiyo si ya kamusi tu, maana huingia katika programu yenyewe na kuiharibu.

Kwanza yafaa kueleza kitu kinachozungumzwa. Watu wa kawaida huuita uso wa simu "kioo". Simu ikianguka, husemwa kwamba kioo kimepasuka. Neno hilo lilitolewa kwa sababu ya umbo la nje, lakini tangu mwaka 2013 limepata maana ya pili isiyotarajiwa, kwa kuwa ndani ya kioo hicho sasa huchorwa vioo vingine. Mwezi wa Septemba mwaka huo kampuni ya Apple ilitoa mfumo wa iOS 7, na ndani yake mtu alipovuta kwa kidole kutoka ukingo wa chini wa skrini, palipanda kibao kilichofanana na kioo kilichokwaruzwa uso, kile kinachotiwa katika madirisha ya maliwato. Rangi za picha iliyokuwa nyuma zilionekana, nyekundu ikawa nyekundu na buluu ikawa buluu, lakini mipaka ya vitu ilikuwa imepotea. Jambo lenyewe halikuwa jipya kabisa. Windows Vista, iliyoanza kuuzwa kwa watu wote Januari 2007, ilikuwa na vioo vya namna hiyo katika kingo za madirisha yake, na Windows 8 ya mwaka 2012 iliviondoa. Lakini ni simu iliyovifikisha mikononi mwa watu wengi, na ni kwa ajili ya simu kwamba waandishi wa programu walianza kutaka vioo hivyo visitokee ghafula, bali vije polepole na kuondoka polepole.

Hapo ndipo ilipo shida. Katika mwaka 2014, kwa mfumo wa iOS 8, Apple iliwapa waandishi wa programu kioo hicho kikiwa tayari kimetengenezwa, kwa jina la UIVisualEffectView. Mwandishi aliyetaka kukihuisha, yaani kukifanya kitokee kidogo kidogo, alishika njia aliyoizoea kwa vitu vingine vyote: alikipa alfa ya 0, kisha akaamuru ipande hadi 1 kwa muda wa nusu sekunde au chini yake. Njia hiyo hufaa kwa maandishi, kwa picha na kwa vifungo. Kwa kioo cha ukungu haifai. Ama ukungu huonekana vibaya, ama hauonekani kabisa mpaka mwisho wa safari, kisha hujitokeza kwa kishindo. Maelezo ya Apple yenyewe huonya kwamba alfa ya kioo hicho, wala ya tabaka lolote linalokibeba, isishushwe chini ya 1. Onyo hilo laweza kuonekana kuwa la ajabu kwa asiyejua alfa ni nini na ukungu ni nini. Basi vitu hivyo viwili havina budi kutazamwa kimoja kimoja.

Alfa ni uzito wa rangi. Ed Catmull na Alvy Ray Smith waliianzisha huko New York katika mwaka 1977 hivi, na mwaka 1984 Thomas Porter na Tom Duff wakaandika makala iliyoweka kanuni zake zote kwa utaratibu. Kanuni yenyewe ni ya hesabu za shule. Ikiwa tabaka la juu lina mwanga wa 200, na la chini lina mwanga wa 100, na alfa ya tabaka la juu ni 0.25, basi jicho litapata robo ya 200, yaani 50, pamoja na robo tatu za 100, yaani 75, jumla 125. Kila nukta ya skrini huhesabiwa peke yake, wala haiulizi habari za jirani yake. Hilo ndilo la kushika: katika alfa, nukta haina jirani.

Kiswahili hakina upungufu wa maneno hapa. Msusi wa mikeka na fundi wa nguo husema rangi nzito na rangi nyepesi; kitambaa chepesi huonyesha kilicho chini yake; nguo iliyofuliwa mara nyingi huchuja, na maandishi ya kale hufifia. Kufifia ni kupungukiwa na nguvu bila kupungukiwa na umbo. Barua iliyofifia yasomeka kwa taabu, lakini kila herufi ingali na kingo zake pale pale zilipokuwa. Kwa hiyo neno hilo lalingana na alfa barabara, na kwa hakika lalingana nayo kuliko maneno ya lugha nyingine nyingi.

Ukungu wa simu ni jambo lingine. Huo hutengenezwa kwa kuiuliza kila nukta habari za majirani zake. Nukta hutupwa, na mahali pake huwekwa wastani wa yote yaliyo karibu nayo, ya karibu zaidi yakipewa uzito mkubwa na ya mbali uzito mdogo. Uzito huo hupangwa kwa mkunjo wenye umbo la kengele unaoitwa kwa jina la Mjerumani Carl Friedrich Gauss, aliyeishi tangu 1777 hadi 1855 na ambaye, bila shaka, hakuwa akifikiria simu. Atakaye mfano na atone wino juu ya karatasi ya kukaushia. Wino haufifii tu, unatapakaa. Mstari uliokuwa mwembamba unakuwa mnene, kingo zake zinalegea, na mistari miwili iliyokaribiana inaungana kuwa waa moja. Umbali ambao wino unasafiri ndio kipimo cha ukungu, na katika vitabu vya hesabu huitwa nusukipenyo.

Kazi hiyo ni ghali. Kioo cha simu ya iPhone 5s, iliyotoka pamoja na iOS 7, kilikuwa na nukta 640 kwa 1136, yaani 727,040. Ikiwa kipimo cha ukungu ni nukta 20 kila upande, basi kila nukta ina mraba wa 41 kwa 41 wa kuulizwa, yaani nukta 1,681. Na kwa skrini nzima maswali hupita bilioni 1.2 kwa picha moja, ilhali simu yapaswa kuchora picha 60 kila sekunde. Pana hila mbili za kuokoa. Ya kwanza hutokana na tabia njema ya mkunjo wa Gauss, kwamba waweza kutapakaza kwa mlalo kwanza na kwa wima baadaye, na matokeo yakawa yale yale; maswali yanashuka kutoka 1,681 hadi 82 kwa kila nukta, na kwa skrini nzima yanakuwa chini ya milioni 60. Ya pili ni kuipunguza picha kabla ya kuitia ukungu: ikipunguzwa mara nne kwa upana na mara nne kwa urefu, nukta zake ni sehemu moja ya kumi na sita tu, na nusukipenyo cha 5 kinatosha mahali pa 20. Upotevu wa umbo hauonekani, kwa kuwa ukungu ungeupoteza vile vile.

Sasa tofauti ya mambo haya mawili yaweza kuonyeshwa kwa nukta sita tu, tatu nyeusi na tatu nyeupe: 0, 0, 0, 100, 100, 100. Huo ni ukingo mkali, kama ukingo wa herufi. Wastani wa nukta tano tano huugeuza kuwa 0, 20, 40, 60, 80, 100, yaani mteremko usio na ngazi. Huo ni ukungu kamili. Tuseme mwandishi wa programu yu nusu ya safari, na anataka nusu ya ukungu. Akitumia ukungu mdogo zaidi, wa wastani wa nukta tatu tatu, atapata 0, 0, 33, 67, 100, 100: ukingo umelegea kidogo, na ngazi kubwa kuliko zote ni ya 34. Akitumia alfa ya nusu, yaani kuuchanganya ukungu kamili na picha kali, atapata 0, 10, 20, 80, 90, 100. Hapa katikati ingali ngazi ya 60, kali kama kisu, na pande zake mbili pametanda kivuli chepesi. Macho hayaoni herufi iliyolegea. Yanaona herufi mbili, moja kali na moja pana, imelala juu ya mwenzake kama picha iliyopigwa mara mbili juu ya filamu moja. Kwa hiyo hata kama mfumo ungekubali alfa bila kulalamika, jibu lingekuwa la swali jingine. Mwandishi aliomba ukungu ulegee, naye amepewa ukungu uliofifia.

Sababu ya pili, ile inayofanya ukungu utoweke kabisa, yatokana na utaratibu wa uchoraji. Kioo cha ukungu hakina picha yake. Kazi yake ni kuchukua yale yaliyokwisha kuchorwa nyuma yake, kuyatapakaza, na kuyarudisha. Tabaka linalokibeba kioo hicho likipewa alfa iliyo chini ya 1, mfumo hauwezi kulichora moja kwa moja juu ya skrini, maana watoto wake wakichanganywa mmoja mmoja, wale waliopandana wataonekana kupitia migongoni mwa wenzao. Basi mfumo huchukua ukurasa wa kando, ulio mtupu, ukalichora tabaka lile na watoto wake wote humo, kisha ukaufifisha ukurasa mzima na kuubandika mahali pake. Lakini katika ukurasa ule wa kando hakuna nyuma. Kioo kinageuka kutazama kilicho nyuma yake na hakikuti kitu. Hutapakaza utupu na kurudisha utupu. Programu haikukosea hesabu hata mahali pamoja, na mtumiaji ameona kibao cha kijivu.

Ikirudiwa lugha, swali ni hili: neno ukungu lataja lipi katika hayo mawili? Wengi watajibu upesi kwamba lataja ule wa pili, wa kutapakaa, kwa kuwa ndivyo linavyotumika katika vitabu vya kufundishia programu. Lakini ukungu wenyewe, ule wa Usambara asubuhi ya mwezi wa Juni, hautapakazi kingo za vitu kwa sehemu kubwa. Mti ulio katika ukungu una matawi yale yale, na jani ni jani. Kilichopungua ni tofauti kati ya weusi wa mti na weupe wa hewa. Harald Koschmieder wa Ujerumani alilieleza jambo hilo kwa hesabu mwaka 1924: mwanga unaofika jichoni ni sehemu ya mwanga wa kitu pamoja na sehemu iliyobaki ya mwanga wa hewa yenyewe, na kadiri kitu kilivyo mbali ndivyo sehemu ya kwanza inavyopungua. Atakayeiweka kanuni hiyo kando ya kanuni ya Porter na Duff ataona kwamba ni moja. Ukungu wa mlimani, kwa maneno mengine, ni alfa.

Maana za zamani za neno hilo hazilisaidii kutoka katika mkanganyo. Ukungu ni kungugu la mlimani. Ukungu ni ule wa mkate uliolala siku nyingi, unaotanda juu yake kama vumbi la kijani. Na ukungu wa alfajiri ni ile nuru hafifu inayotangulia jua. Katika hizo tatu hakuna iliyo na fikira ya kitu kulegea kingo zake. Zote zina fikira ya kitu kufunikwa, au ya mwanga kuwa mchache. Fikira ya kutapakaa ni ya kioo kilichokwaruzwa na ya jicho lisilokaza, na kwa mambo hayo wazee hawakusema ukungu, bali walisema kwamba macho hayaoni sawasawa, au kwamba vitu vinaonekana utusitusi. Ni wapiga picha na wafasiri wa siku za karibu walioliazima neno ukungu na kulipeleka huko.

Basi mwalimu amwambiapo mwanafunzi, "Punguza ukungu wa kioo hiki polepole," mwanafunzi mwenye akili timamu na mwenye kukijua Kiswahili huuona ukungu wa mlimani, ambao hupungua kwa kuwa mwepesi. Naye huishusha alfa. Amefanya alivyoambiwa. Isidhaniwe kwamba kosa hili ni la Waswahili peke yao, maana wanaosoma mambo haya kwa Kiingereza hulifanya kila siku, ijapokuwa lugha yao ina maneno mawili yaliyo mbalimbali kabisa. Mazoea ya kutumia alfa kwa kila kitu yana nguvu kuliko msamiati. Hata hivyo mwanafunzi wa Kiingereza akisahihishwa huelewa amekosea wapi, kwa kuwa neno alilolikosea lipo. Mwanafunzi wa Kiswahili akisahihishwa kwa kuambiwa tena neno lile lile atazidi kupotea.

Njia iliyo sawa ni kuuhuisha ukungu wenyewe, yaani kuamuru nusukipenyo kikue au kipungue, na kuiacha alfa ikae 1 tangu mwanzo hadi mwisho. Katika iOS 9 ya mwaka 2015 iliwezekana kukianzisha kioo kikiwa hakina athari yoyote, kisha ndani ya uhuishaji kukipa athari ya ukungu. Mfumo hujaza wenyewe hatua zilizo katikati. Mwaka uliofuata, katika iOS 10, kilitolewa chombo kiitwacho UIViewPropertyAnimator, ambacho huruhusu safari hiyo kusimamishwa popote, irudishwe nyuma, au ifungwe na mwendo wa kidole, kwa kutaja tu sehemu iliyokwisha kati ya 0 na 1. Wengi hukitumia kwa jambo ambalo hakikukusudiwa: hukisimamisha kwenye 0.3 na kukiacha hapo daima, ili wapate ukungu mdogo kuliko ule uliotolewa na kampuni. Hila hiyo ina malipo yake. Mtumiaji akitoka katika programu na kurudi, uhuishaji uliosimamishwa huwa umemalizwa, na ukungu huonekana mzima. Kisha chombo hicho kikitupwa kikiwa bado kimesimama, bila kufungwa kwa utaratibu, programu huanguka.

Katika Android mambo yalichukua njia ndefu zaidi. Kuanzia toleo la 4.2 la mwaka 2012 palikuwa na njia ya kuitia picha ukungu kwa RenderScript, nusukipenyo kisizidi 25, lakini iliyotiwa ukungu ilikuwa picha iliyosimama. Mwandishi alipiga picha ya skrini, akaitapakaza, akaibandika mbele, na kitu cha nyuma kikisogea kioo hakikujua. Ni katika Android 12, mwaka 2021, ambapo ukungu ulifanywa kuwa athari ya tabaka lenyewe na kuweza kubadilishwa kwa kila picha inayochorwa. Kwa simu za zamani zaidi, zilizo nyingi bado, hutumika njia ya katikati: hutengenezwa nakala nne au tano za picha, kila moja na ukungu mkubwa kuliko iliyotangulia, kisha mfumo hupita kutoka nakala hadi nakala kwa kuzifufisha na kuzifisha. Hiyo ni alfa tena, lakini kwa kuwa nakala mbili zilizo jirani zinafanana, macho hayaioni herufi ya pili. Msomaji ataona kwamba alfa haikuwa haramu. Ilikosewa mahali pa kutumiwa.

Hata aliyeshika njia iliyo sawa bado ana jambo moja la kujifunza, nalo ni kwamba ukungu haujumlishiki kama mawe mizanini. Picha iliyotiwa ukungu wa 3, kisha ukungu wa 4 juu yake, haiwi na ukungu wa 7 bali wa 5, kwa kuwa kinachojumlishwa ni miraba ya vipimo: 9 na 16 ni 25. Jicho nalo lina ubaguzi wake. Kipimo kikitoka 0 na kufika 2, maandishi madogo hayasomeki tena. Kikitoka 18 na kufika 20, hakuna atakayegundua lolote. Kwa hiyo uhuishaji unaoongeza kipimo kwa mwendo ulio sawa huonekana kama unaoruka mwanzoni na kulala mwishoni, na mwandishi mwangalifu huanza taratibu sana, kisha akaongeza mwendo. Kuna programu zilizo sahihi katika hesabu zote na mbaya kwa macho kwa ajili ya jambo hili moja.

Ubaya huo si wa urembo tu. Herufi nyeupe juu ya kioo husomeka ikiwa kioo kimezima kingo za vitu vilivyo nyuma. Kisipozizima, herufi hugombana na kingo hizo. Kwa kijana mwenye macho makali ni robo ya sekunde ya usumbufu. Kwa mzee mwenye mtoto wa jicho anayetafuta tarakimu za fedha alizotumiwa, ni kuipoteza tarakimu na kuanza kuitafuta upya. Mifumo ya simu imeweka katika mipangilio yake njia ya kuviondoa vioo hivi na kuweka mahali pake rangi nzito isiyopenyeza. Mnamo mwaka 2025 Apple ilileta sura mpya ya vioo iliyoitwa Liquid Glass, yenye vioo vyepesi kuliko vya mwaka 2013. Malalamiko ya wasioweza kusoma yalikuwa mengi, na kufikia mwezi wa Novemba mwaka huo, kwa toleo la iOS 26.1, mtumiaji alipewa nafasi ya kuchagua kioo kizito zaidi.

Mpangilio huo wenyewe ni mtihani kwa mfasiri. Kiingereza hutumia neno moja kwa kioo kinachopenyeza nuru na kwa serikali isiyoficha hesabu zake, na Kiswahili cha siasa kimelifasiri neno hilo kuwa uwazi. Katika Tanzania lilizoeleka hasa katika miaka ya Rais Benjamin Mkapa, 1995 hadi 2005, wakati "Ukweli na Uwazi" ilipokuwa kaulimbiu yake. Mfasiri akilichukua hilo na kuandika kwenye simu "Punguza Uwazi", mzee yule aliyetafuta msaada wa macho atadhani kwamba anashauriwa kuficha mahesabu. Uangavu nao haufai sana, kwa kuwa wengi huusikia kama mng'ao, na mpangilio wa mng'ao upo mahali pengine katika simu ile ile. Lililo jepesi zaidi ni kutumia maneno ya kitambaa: vioo vizito, vioo vyepesi. "Fanya Vioo Viwe Vizito" yaeleweka kwa asiyejua hata herufi moja ya Kiingereza.

Kwa upande wa wafundishaji, maneno yapo na yangoja kupangwa tu, kazi ambayo ni ya Baraza la Kiswahili la Taifa na ya wachunguzi wa lugha kwa pamoja. Kufifia na kufifisha yabaki kuwa ya alfa, na alfa yenyewe yaweza kuitwa uzito wa tabaka. Kioo kinachofunika kiitwe utando, kwa kuwa utando ni kitu chembamba kilichotanda mbele ya kingine kikakizuia kuonekana vema, nacho hakina sura yake. Kwa tendo la Gauss, kutapakaza lasema kile hasa kinachofanyika. Nalo lina faida kwamba mwanafunzi aambiwapo "punguza mtapakao" hawezi kuifikiria alfa hata akitaka. Ukungu hauwezi kuondolewa tena katika vinywa vya watu, wala hakuna sababu ya kuuondoa. Ubaki kuwa jina la jumla la sura inayoonekana, kama vile mvua inavyobaki kuwa jina la jumla kwa anayejua pia manyunyu na rasharasha.

Neno lisilopatikana kwa urahisi ni la kurudi nyuma, pale kingo zinapokaza tena na herufi zikasimama. Ukungu wa mlimani hutanzuka; mvua huanuka; lakini hayo ni ya kitu kuondoka, na kwa hiyo ni ya alfa. Kwa mbingu iliyokuwa na mawingu na sasa inaonekana hadi ndani husemwa kwamba imetakata, na katika neno hilo fikira haiko kwa kilichoondoka bali kwa kinachoonekana. Picha itakate, kutoka mtapakao wa 20 hadi wa 0, uzito wa tabaka ukikaa 1: mwanafunzi aliyepewa amri hiyo aweza kuiandika programu bila kuuliza swali la pili. Kizuizi kimoja ni kwamba kutakata ni pia kuwa safi, na kioo kilichotakata kwa mtu wa nyumbani ni kioo kilichofutwa vumbi.